Barua ya wazi kwa mnaoshikilia urithi wa Boosted: fungueni betri zetu

Kwa: Wote mnaoshikilia leo hataza (haki za uvumbuzi), michoro na programu za iliyokuwa kampuni ya Boosted, California, iliyounda mbao za umeme zenye magurudumu (skateboard)

Kutoka: Fundi wa vyombo vya umeme, Oakland, mzaliwa wa Mombasa

KUH: BETRI ZILIZOJIFUNGA NA KAMPUNI ISIYOKUWEPO KUZIFUNGUA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Barua yangu ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza, na ya pili vilevile, nikazituma kimya kimya kwa anwani nilizoelekezwa. Sikujibiwa ndiyo wala hapana. Hii ya tatu naiandika kwa Kiswahili na kuiweka hadharani, kwa sababu inawahusu wengi zaidi yenu. Wapo mafundi wa Mombasa, Nairobi, Kigali na Dar es Salaam ambao kesho watashikishwa betri za namna hii. Wapo pia wenzangu wa lugha hii huku Marekani ambao bado wana ule ubao wenye magurudumu ya rangi ya chungwa, umeegemezwa ukutani mwaka wa pili sasa, hauendi popote.

Mimi ni fundi. Natengeneza baiskeli za umeme, skuta na mbao za umeme. Ubao wangu mwenyewe wa Boosted ungali unatembea, kwa hiyo siwaandikii kudai fidia ya mtu mmoja. Naandika kwa sababu naifahamu kazi iliyofanywa ndani ya chombo kile, nami siwezi kunyamaza nikiona kinatupwa kikiwa hai.

Niseme kwanza kampuni hii ilikuwa nini kwetu.

Ilianzishwa 2012 na vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Stanford: Sanjay Dastoor, John Ulmen na Matthew Tran. Walitaka chombo cha kuwamalizia ile safari fupi inayobaki ukishashuka kwenye treni au kuegesha gari mbali. Mwaka huohuo walienda Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha, kuomba dola 100,000 za umma. Umma uliwapa zaidi ya 460,000. Mwaka 2013 Dastoor alipanda jukwaa la hotuba la TED akauonyesha ubao wenyewe, akaeleza namna mtu anavyoweza kubeba usafiri wake mkononi.

Na ulibebeka kweli. Bao lenyewe lilikuwa la mianzi, la kampuni ya Loaded ya Los Angeles, linalonesa chini ya miguu. Chini yake mota mbili, mikanda miwili, na betri ya wati-saa 99. Nambari hiyo ilichaguliwa kwa akili, kwani mashirika ya ndege huruhusu betri isiyozidi wati-saa 100, hivyo msafiri angeweza kupanda nao. Mkononi ulikuwa na rimoti ndogo: unashika kitufe kwa kidole cha shahada, unasukuma kigurudumu kwa kidole gumba, na ubao unaondoka bila kukutupa. Ukirudisha kidole nyuma, mota zilezile zinageuka breki na kurudisha umeme kwenye betri. Ndiyo maana wenye mbao hizi walijua wasianze safari kileleni mwa mlima betri ikiwa imejaa pomoni, maana umeme wa breki ungekosa pa kwenda. Toleo la mota mbili lilikimbia hadi kilomita 35 kwa saa, na kampuni ilisema linapanda mwinuko wa asilimia 25. Anayeijua San Francisco anaelewa hiyo maana yake nini.

Kwetu Mombasa tulikua tukiunda vigari vya mbao vyenye magurudumu ya beringi kuukuu tulizookota gereji. Vilipiga kelele mtaa mzima na havikuwa na breki ila nyayo zetu. Siku ya kwanza nilipoupanda ubao wa Boosted nilikumbuka vigari vile, kisha nikaona walichofanya wahandisi hawa: waliifanya breki iwe laini kuliko mwendo. Sijaona chombo kingine cha ukubwa ule kilichofikiriwa hivyo. Casey Neistat, mtengenezaji wa video za YouTube, aliupanda katika mitaa ya New York mbele ya kamera zake, watu wakauona duniani kote, na magurudumu ya chungwa yakawa alama inayotambulika toka ng'ambo ya barabara.

Jambo jingine nalitaja kwa makusudi, kwani litarudi mbele. Toleo la pili lilipotoka 2016 na ikaripotiwa kwamba betri zimetoa moshi, kampuni iliwaambia wateja waache kuzitumia, ikazibadilisha bila malipo. Hiyo ilikuwa kampuni inayojua kwamba betri ni amana.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2018 walitoa mbao nne kwa mpigo, kuanzia Mini S ya dola 749 hadi Stealth ya dola 1,599, na mwisho wa mwaka wakapata dola milioni 60 kutoka kwa wawekezaji. Mei 2019 walitangaza skuta, Rev, nayo kwa dola 1,599. Mitaani kulikuwa tayari kumejaa skuta za kukodi kwa senti chache kwa dakika, na kwa upande wa pili mbao za bei nafuu kutoka China zilikuwa zinaingia kila mwezi. Wazee walishatuambia usiache mbachao kwa msala upitao. Hiyo ni hukumu yangu, mnaweza kuipinga. Machi 2020 kampuni iliwaachisha kazi wengi wa wafanyakazi wake, ikasema gharama za kuunda vyombo vya umeme na ushuru wa vita vya biashara kati ya Marekani na China vimeielemea. Ripoti za wakati huo zilieleza kwamba hataza na mali nyingine za ubunifu zimechukuliwa na kampuni ya skuta za kukodi. Ziko mikononi mwa nani leo, ninyi mnaozishika mnajijua, na ndio ninaosema nanyi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Betri inajifunga yenyewe, na ufunguo mnao ninyi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye jeraha. Ndani ya kila betri ya Boosted kuna kidhibiti, ubongo mdogo unaopima seli. Hilo ni jema. Lakini ubongo huo ukiona seli zimepishana nguvu, au betri imekaa muda mrefu bila kuchajiwa ikashuka chini ya kiwango, unaandika kosa katika kumbukumbu yake na kuwasha taa nyekundu. Tangu hapo hauchaji wala hautoi umeme. Wenye mbao hizi wameipa hali hiyo jina: taa nyekundu ya mauti. Ukiifungua betri ukapima seli moja moja, mara nyingi unazikuta nzima. Ukizisawazisha kwa mkono, zinashika chaji. Kosa lililoandikwa, hata hivyo, halifutiki, kwa sababu chombo cha kulifuta kilikuwa ndani ya kampuni, na kampuni haipo.

Fikirini hali hiyo kwa lugha ya fundi. Mkanda ukikatika, nafunga mwingine. Beringi ikilia, natoa naweka nyingine. Hivyo vimechakaa, na kuchakaa ni haki ya kila kitu. Hii haijachakaa. Imekatazwa. Kuna mota mbili nzima, bao zima, seli nzima, na neno moja limeandikwa kwenye kijipande cha elektroniki linalosema hapana.

2. Betri nyingine haikubaliwi.

Mtu angesema, basi nunua betri ya fundi mwingine. Ubao haukubali. Kabla ya kuzungusha mota, ubao na betri huzungumza kwa lugha yao ya ndani. Ubao usiposikia majibu unayoyatarajia, hauondoki. Lugha hiyo haikuchapishwa popote. Watu wachache wenye subira walikesha wakisikiliza mazungumzo hayo kwa vifaa vya kupimia, neno kwa neno, hadi wakaweza kuigiza majibu na hata kufuta lile kosa. Nawavulia kofia. Wamefanya kwa kubahatisha gizani kazi ambayo ninyi mngeimaliza kwa kurasa kumi za maelezo. Na wamefanya bila kujua kama siku moja mtawapeleka mahakamani kwa ajili ya hataza zenu. Hofu hiyo peke yake imewafukuza mafundi wazuri.

3. Spea zinazochakaa hazina vipimo rasmi.

Mikanda, puli, vifuniko vya mota. Tunapima kwa kalipa, tunachonga, tunakosea, tunachonga tena. Hili ni dogo, na sisi mafundi tumelizoea. Nalitaja kwa sababu kulimaliza kusingewagharimu chochote: ni michoro tu.

4. Usalama mnaoulinda mmeuhatarisha.

Kwa kuwa njia halali haipo, watu wanatafuta ya panya. Wanakwepa kidhibiti kizima na kuunganisha seli moja kwa moja na chaja, jikoni mwao, usiku, wakiwa wamelala. Nimeletewa mezani skuta ya kampuni nyingine, ambayo sitaitaja, iliyofanyiwa hivyo. Plastiki ya betri ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Mwenyewe alikuwa baba wa watoto watatu. Hakuwa mjinga. Aliandikia watengenezaji mara kadhaa, akaambiwa anunue skuta mpya, na hakuwa na pesa. Anayefunga mlango wa mbele wa nyumba yenye watu ndani asishangae wakirukia dirishani.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa kila anayefanya kazi hii ameyasikia. Niyachukue moja baada ya jingine.

Mtasema: sisi tulinunua hataza, hatukununua wateja. Kisheria huenda mko sawa. Lakini thamani ya hataza zile ilitokana na nani? Ilitokana na wale waliolipa Kickstarter 2012 kabla ubao haujakuwepo, na waliozipanda mbao hizo mvuani na kurudisha ripoti za kila kasoro. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Mtasema: betri za lithiamu ni hatari, na mkitoa maelezo mtu akaungua, mtalaumiwa ninyi. Nimejibu nusu katika nambari 4. Nusu iliyobaki ni kwamba hatari kubwa zaidi imo katika kutojua. Andikeni kiwango cha chini kabisa ambacho seli ikishuka haifai kufufuliwa. Andikeni namna ya kupima, na lini betri ipelekwe kwenye kituo cha kuchakata. Fundi mwenye maelezo hayo ataikataa betri mbovu. Asiye nayo ataijaribu.

Mtasema: ni siri ya biashara. Siri ya bidhaa ambayo haijatengenezwa tangu 2020? Washindani wenu wameshapita hapo na kwenda mbele.

Mtasema: hatuna wafanyakazi wa kuendesha huduma hiyo. Hatuombi huduma. Tunaomba faili.

Na mtasema, pengine, kwamba sheria haiwalazimishi. Hilo nalijua vizuri. Sheria ya California ya haki ya kutengeneza ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, nayo inamtaka mtengenezaji wa bidhaa ya elektroniki ya dola 100 au zaidi atoe spea, vifaa na maelezo kwa miaka saba. Ila inagusa bidhaa zilizotengenezwa na kuuzwa kuanzia 1 Julai 2021. Boosted ilikuwa imekwisha kufa. Huko Ulaya, kanuni mpya ya betri inataka kuanzia Februari 2027 betri za vyombo vyepesi vya usafiri ziweze kutolewa na kubadilishwa na fundi asiye wa kampuni. Nayo imechelewa kwetu. Kwa hiyo siwatishi kwa sheria. Nawaomba mfanye leo, kwa hiari, jambo ambalo mabunge ya pande mbili za bahari yameshaona ni haki.

Wala hamtakuwa wa kwanza. Saa za Pebble zilipokufa Desemba 2016, kampuni ikauzwa vipande kwa Fitbit, na Fitbit baadaye ikaingia mikononi mwa Google. Wapenzi wa saa zile waliziendesha wenyewe kwa miaka, kama wanavyofanya wenye mbao zetu. Januari 2025 Google iliweka hadharani msimbo wa programu ya saa hizo. Google haikuwa imeiunda Pebble. Ilirithi tu, kama mlivyorithi ninyi. Na baiskeli za VanMoof za Uholanzi, kampuni ilipotangazwa kufilisika Julai 2023, wenye baiskeli waliogopa kufungiwa nje ya vyombo vyao kwa kuwa funguo za kidijitali zilikuwa kwenye mitambo ya kampuni. Washindani wao wa Cowboy, kutoka Brussels, wakatoa upesi programu ya simu ya kumsaidia kila mtu kuchukua ufunguo wake na kuuhifadhi. Mshindani alifanya hivyo. Ninyi ni warithi.

Nieleze pia kwa nini jambo hili linawahusu watu wa kwetu, ingawa mbao za Boosted huko nyumbani ni za kuhesabika. Leo Nairobi na Kigali pikipiki za umeme zinabeba abiria kutwa, na katika mifumo mingi ya kule betri si ya mwendeshaji: anaibadilisha kituoni, na ubongo wa betri unaisikiliza kampuni. Mfumo huo umewapunguzia wengi gharama, na sina ugomvi nao. Lakini mwenye boda amekopa kununua ile pikipiki. Siku kampuni ikianguka, na kampuni huanguka hata zikipata mamilioni 60, je, chuma kile kitakuwa pikipiki au kitakuwa kama ule ubao ukutani? Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na wa gereji za Kariakoo wanaweza kufufua karibu kila kitu kilichotengenezwa na binadamu. Wasichoweza ni kubishana na neno lililofichwa ndani ya chipu. Mtakavyofanya na Boosted kutawaonyesha wao, na wanaoandika kanuni huko, jambo gani la kudai mapema kabla pikipiki haijauzwa.

Basi ninayoyaomba ni haya, kwa ukamilifu wake:

(a) Mchapishe lugha ya mawasiliano kati ya betri na ubao, kwa matoleo yote.

(b) Mtoe chombo cha kufuta kosa la betri, au maelezo ya kukiunda, pamoja na masharti ya usalama ya lini kisitumike.

(c) Mtoe tamko la maandishi kwamba hamtamshtaki mmiliki wala fundi anayetengeneza mbao hizi au anayeuza spea zake.

(d) Mtoe michoro ya mikanda, puli na vifuniko.

(e) Mteue mtu mmoja, mwenye jina na anwani, wa kujibu barua.

Kama yote hayawezekani kwa pamoja, anzeni na (c). Hiyo ni karatasi moja yenye sahihi, na siku itakapotoka mafundi wataifanya wenyewe sehemu kubwa ya yaliyobaki.

Naomba jibu katika siku 90. Jibu lolote, hata la kukataa, mradi liwe na sababu. Nitalitafsiri kwa Kiswahili nilivyolipokea, bila kupunguza neno, na kulibandika chini ya barua hii. Hadi hapo, mbao zinazoletwa kwangu zikiwa na taa nyekundu nazipokea, nazipima seli, naandika tarehe na vipimo kwenye karatasi, nazihifadhi mahali pakavu. Sijamwambia mwenye ubao hata mmoja autupe.

Wenu kwa heshima,

Fundi wa vyombo vya umeme,
Oakland, California